Ngumi ya Chini ya Mkanda: Sekunde 90 za Ridhaa au Dakika Tano za Kulipwa?

Anayeandaa usiku wa ndondi Mombasa, iwe ukumbini Tononoka au kwenye ulingo wa mbao uliosimamishwa uwanjani Kisauni, hushughulika na glavu, daktari, kibali na kukodi spika. Ngumi ya chini ya mkanda humjia akilini pale bondia mmoja ameshapiga magoti, mikono imeshika tumbo, kona yake inapiga kelele "Chini! Chini!", kona ya pili inajibu "Anaigiza huyo!", na refa anamgeukia mtunza saa kana kwamba yeye ndiye mwenye jibu. Hapo wakati wa kuchagua kanuni umekwisha kupita.

Mambo huharibika zaidi pale mapambano ya ridhaa na ya kulipwa yanapopangwa usiku mmoja, refa akiwa yuleyule, na kila kocha amekuja na kanuni alizoziona kwenye televisheni. Basi hapa naziweka ubavu kwa ubavu njia mbili kuu, ya tatu nikiigusa tu, ili mwenye gimu, kocha au mzazi ajue anachagua nini. Niseme mapema ninakoelekea: watu hubishana juu ya saa, sekunde 90 au dakika tano, ilhali saa haimlindi aliyepigwa. Njia zote mbili zikifika mwisho zinamgeukia yeye. Kinachomlinda ni mstari uliochorwa kabla ya kengele, na refa asiyeona haya kukata pointi ya kwanza.

Mkanda unaanzia wapi

Hapa hakuna ugomvi. Mstari wa mkanda ni mstari wa kufikirika unaotoka kitovuni kwenda juu ya mifupa ya nyonga. Juu yake ni mwili halali, chini yake ni faulo. Tofauti iko kwenye namna ya kuuonyesha.

Katika ndondi za kulipwa refa hulimaliza jambo hili kwa mkono wake, chumbani au katikati ya ulingo: anagusa kiuno cha bondia, anamwambia mpinzani "hapa halali, hapa chini". Bukta ikiwa imevutwa hadi karibu na mbavu, anaweza kutamka papo hapo kwamba ngumi inayotua kwenye sehemu ya juu ya mkanda wa bukta ni halali. Katika ridhaa bukta yenyewe ndiyo inayojibu. Kiuno chake kinatakiwa kiwe cha rangi tofauti na nguo iliyobaki, na kisifunike kitovu.

Kwa huku kwetu nauchagua utaratibu wa ridhaa bila kusita. Msimu wa kaskazi, joto na unyevu wa Mombasa humlowesha bondia kabla hajapanda ulingoni. Ikifika raundi ya tatu bukta imekuwa nzito kwa jasho na imeteremka vidole viwili, au kocha ameivuta juu kupita kiasi wakati wa mapumziko, mara nyingine kwa makusudi. Refa aliyegusa kiuno nusu saa iliyopita anabaki na kumbukumbu tu. Utepe wa rangi unabaki ulipo, na majaji watatu au watano walioketi pande zote wanauona. Fundi cherehani yeyote wa Majengo anaushona mara moja. Kisha refa aguse pia, maana utepe haumzuii kugusa.

Ridhaa: hesabu ya nane kwanza

Kanuni za ridhaa zilizotumika kimataifa kwa miaka mingi chini ya AIBA, shirikisho la ndondi za ridhaa duniani, zimepanga ngazi, na uzuri wake ni kwamba refa habaki akikisia.

Ngumi ikitua chini, aliyepigwa asilalamike, nayo haikuwa nzito wala ya kukusudia, refa anaonyesha ishara ya faulo na mchezo unaendelea bila kusimama. Watazamaji hawalipendi hilo. Mimi naona ni sahihi. Ngumi nyingi za chini ni za kukwaruza tu, na kusimamisha pambano kila mara ni kumpa pumzi yule anayezidiwa.

Aliyepigwa akilalamika kwamba ameumia, refa ana njia mbili. Ngumi ikiwa nzito na ya makusudi, mpigaji anaondolewa pambanoni palepale. Isipokuwa hivyo, refa anaanza kuhesabu hadi nane. Hesabu hii huwachanganya watu vibandani, wakadhani bondia ameandikiwa kuangushwa. Siyo. Refa anapima: huyu anaweza kuendelea au hawezi? Akiweza, mchezo unaendelea, na mpigaji anaweza kupewa onyo. Asipoweza, anaongezewa muda wa kupata nafuu usiozidi dakika moja na nusu. Muda huo ukiisha na bado hawezi, mpinzani wake anatangazwa mshindi kwa TKO, yaani refa amesimamisha pambano.

Sentensi hiyo ya mwisho isomwe tena. Aliyepiga faulo ndiye anayeshinda, ikiwa refa aliamua kuwa haikuwa ya makusudi. Nitarudi hapo.

Upande wa adhabu, ridhaa ni kali kuliko watu wanavyodhani. Onyo moja linaondoa pointi moja kwenye kadi ya kila jaji. Maonyo matatu, bondia anaondoka. Na kwa kuwa pambano ni la raundi tatu, pointi moja ni mali kubwa: aliyekuwa mbele 29 kwa 28 anajikuta sare, na jaji analazimika kuchagua mshindi.

Kulipwa: hadi dakika tano, na neno "hadi" ndilo lenye uzito

Kanuni za pamoja zinazotumiwa na kamisheni za Marekani, yaani mamlaka zinazosimamia ndondi, ambazo mapambano mengi ya kulipwa duniani hufuata mfano wake, hazina hesabu ya nane kwa ngumi ya chini. Refa anasimamisha mchezo, mtunza saa anasimamisha saa, mpinzani anapelekwa kona ya upande wowote isiyo yake wala ya mwenzake, na aliyepigwa anapewa muda wa kutosha usiozidi dakika tano. Asipoweza kuendelea baada ya hapo, ameshindwa.

Kule barazani utasikia "dakika tano ni haki yake". Kanuni haisemi hivyo. Inasema muda wa kutosha, na dakika tano ndiyo dari. Refa akiona bondia amesimama wima, anapumua vizuri, anatembea bila kujikunja, ana mamlaka ya kumrudisha mchezoni hata kama imepita dakika moja tu. Na bondia mwenyewe akisema yuko tayari baada ya sekunde 40, hakuna anayemlazimisha kungoja.

Faulo ya makusudi ina njia yake. Ikimjeruhi mtu pambano likashindwa kuendelea, mpigaji anaondolewa. Ikimjeruhi na pambano likaendelea, refa analazimika kumkata mpigaji pointi mbili. Lakini kwa ngumi ya chini isiyo ya makusudi, ambazo ndizo nyingi, kukata au kutokata pointi kumeachwa mikononi mwa refa. Hapo ndipo penye pengo. Ridhaa ina ngazi. Kulipwa kuna hekima ya mtu mmoja, na hekima hiyo hutofautiana kutoka refa hadi refa.

Piga hesabu ya raundi

Ukiweka namba pamoja, sababu ya tofauti ya muda inaonekana. Pambano la ridhaa ni raundi tatu za dakika tatu: dakika 9 za ngumi. Dakika tano za kupumzika ni zaidi ya nusu ya pambano zima. Mabondia wote wawili wangerudi wakiwa wapya, na aliyejenga ushindi wake kwa kumchosha mwenzake angekuwa ameibiwa. Sekunde 90 ni mapumziko ya kawaida ya kona na nusu yake, hazipindui mchezo.

Pambano la ubingwa wa kulipwa ni raundi 12, dakika 36. Humo dakika tano zinamezeka.

Shida yetu ni ya katikati. Vijana wanaoingia kulipwa hapa Mombasa huanza na raundi nne au sita. Raundi nne ni dakika 12. Kwa hesabu hiyo, pambano hilo liko karibu na ridhaa kuliko na mapambano ya ubingwa, lakini kwa jina ni la kulipwa na refa anatumia dari ya dakika tano. Ndiyo maana nasema chini kwamba mwandaaji asichague kwa jina la pambano. Ahesabu dakika.

Kwa nini aliyepigwa ndiye anayeshindwa

Mtu akielezwa kanuni hii mara ya kwanza hukasirika, na ana haki ya kukasirika. Ila ina historia.

Zamani ngumi ya chini ilikuwa njia ya kushinda. Bondia aliyezidiwa alianguka, akashika tumbo, akangoja kutangazwa. Mwingereza Phil Scott alijikusanyia ushindi wa namna hiyo hadi akapachikwa jina la utani la mzimiaji. Kilele kilikuwa tarehe 12 Juni 1930 pale Yankee Stadium, New York. Mjerumani Max Schmeling na Mmarekani Jack Sharkey waligombea taji la uzito wa juu lililokuwa wazi. Raundi ya nne Sharkey akapiga chini, Schmeling akaanguka, na baada ya mabishano Schmeling akapewa ubingwa wa dunia akiwa hawezi kusimama vizuri. Ni yeye pekee aliyelipata taji hilo kwa njia hiyo. Baada ya hapo New York ikabadilisha kanuni: kuanzia sasa bondia avae kinga ya sehemu za siri, na asishinde kwa kudai amepigwa chini.

Kwa hiyo kanuni ya leo inamwambia bondia: una kinga, una muda, inuka. Imefunga mlango wa waigizaji. Gharama yake ni kwamba siku yule asiyeigiza anapoumia kweli, naye amefungiwa nje. Ridhaa na kulipwa zote zimelipa gharama hiyo, tena kwa kiasi kilekile. Anayekwambia njia moja "inamhurumia" aliyepigwa kuliko nyingine anaangalia saa tu.

MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, imechagua tofauti, na inafaa kuijua kwa kuwa gimu kadhaa za hapa zinafundisha michezo yote miwili. Kule pia ni hadi dakika tano, lakini aliyepigwa kwa bahati mbaya asipoweza kuendelea, na raundi mbili za pambano la raundi tatu hazijakamilika, pambano linafutwa na hakuna mshindi. Likiwa limevuka hapo, kadi za majaji zinaamua. Ni haki zaidi kwa aliyeumia. Pia inamrudishia mwigizaji nusu ya mlango wake, maana anayepoteza raundi ya kwanza anaweza kuona pambano kufutwa ni afadhali ya kushindwa.

Aliyekuwa amelewa ngumi tayari

Hili ndilo fumbo gumu zaidi, na hakuna kanuni iliyolifumbua. Bondia amepigwa ngumi nzuri za kichwa, macho yanaelea, kisha inamfika moja ya chini. Ukimpa muda, unamponya kichwa pamoja na tumbo. Usipompa, unamwadhibu kwa kosa la mwenzake.

Mabishano yanayojulikana zaidi ya miaka ya karibuni juu ya muda huo ni ya tarehe 26 Agosti 2023 huko Wrocław, Poland. Oleksandr Usyk alikuwa anatetea mataji yake ya uzito wa juu dhidi ya Daniel Dubois. Raundi ya tano Dubois akapiga ngumi iliyotua kwenye mkanda, Usyk akaanguka, refa Luis Pabon akaamua ni ya chini. Usyk alichukua karibu dakika nne kabla ya kurudi, akamshinda Dubois kwa nokauti raundi ya tisa. Kambi ya Dubois ilisema ngumi ilikuwa halali na Usyk alistahili kuhesabiwa. Matokeo yalibaki. Waliporudiana Wembley tarehe 19 Julai 2025 Usyk alimaliza kazi raundi ya tano, lakini mabishano ya Wrocław hayajaisha hadi leo, nenda kibanda chochote chenye televisheni uyasikie.

Tuseme lingetokea chini ya utaratibu wa ridhaa. Usyk angehesabiwa nane, kisha angepewa sekunde 90, kisha angelazimika kurudi au kushindwa. Huenda angerudi, huenda asingerudi. Na refa angehukumu jambo lilelile kwa macho yaleyale: mkanda au chini ya mkanda? Kufupisha saa kungebadilisha mshindi labda, kusingebadilisha swali. Bukta ya Usyk pia ilikuwa juu, na picha za ngumi ile hubishaniwa kwa sababu hiyo. Ndiyo narudi kwenye utepe.

Refa wa maneno na refa wa pointi

Ukiwa na uwezo wa kuchagua kitu kimoja tu kwa usiku wako, usichague kanuni. Chagua refa.

Kuna refa wa maneno. Anaonya, anaonya tena, ananyoosha kidole, anamshika bondia bega. Watu humpenda kwa sababu "anaacha mchezo uchezwe". Tarehe 13 Agosti 2011 mjini Las Vegas, refa Russell Mora alisimamia pambano la Abner Mares wa Mexico na Joseph Agbeko wa Ghana. Mares alipiga chini mara nyingi, akaonywa mara kadhaa, hakukatwa hata pointi moja. Raundi ya 11 akapiga ngumi iliyokuwa wazi chini ya mkanda, Agbeko akaenda chini, na Mora akamhesabia kama aliyeangushwa kihalali. Mares akashinda kwa kura za majaji wengi, mmoja akitoa sare. IBF, moja ya mashirika yanayotoa mataji ya dunia, iliamuru warudiane, na mwezi Desemba mwaka huohuo Mares akashinda tena, safari hii bila kelele hizo. Yaani pengine alikuwa bora usiku ule wa kwanza pia. Hatutajua, maana refa alimwachia mpigaji faulo bure, kisha akamwandikia aliyepigwa kuanguka.

Na kuna refa wa pointi. Wayne Kelly, tarehe 11 Julai 1996 pale Madison Square Garden, alimkata Andrew Golota pointi kwa ngumi za chini dhidi ya Riddick Bowe, akamkata tena, akamkata mara ya tatu, na raundi ya saba akamwondoa kabisa. Golota alikuwa mbele kwenye kadi za majaji! Vurugu zikazuka ukumbini, viti vikaruka. Walirudiana Desemba, Atlantic City, Golota akiwa mbele tena, na raundi ya tisa akaondolewa tena kwa kosa lilelile.

Wapo watakaosema: basi, refa wa pointi alileta vurugu. Mimi nasema vurugu zililetwa na maandalizi mabovu ya ulinzi na mtu asiyeweza kuzuia mikono yake. Kelly alifanya kazi yake hatua kwa hatua, mbele ya watu wote. Hakuna aliyeweza kudai kwamba Golota hakujua anakoelekea.

Kwa hiyo utakapomwendea refa kabla ya usiku wako, usimuulize anatoa dakika ngapi. Muulize: "Ya kwanza nzito unafanyaje? Ya pili je?" Akijibu "inategemea", mwombe akueleze inategemea nini. Anayesema "ya kwanza naonya kwa sauti majaji wasikie, ya pili nakata" huyo mchukue, hata kama ni mgeni mjini. Ikiwa ya kwanza imemwangusha mtu, napenda asingoje ya pili.

Uchague nini

Watoto na vijana wa gimu, mapambano ya raundi tatu: utaratibu wa ridhaa wote, bila kupunguza. Hesabu ya nane, sekunde 90, maonyo yenye pointi. Ongeza jambo moja la kwako, ambalo mwandaaji wa mashindano ya kirafiki anaweza kukubaliana na makocha kabla: kijana akishindwa kuendelea kwa ngumi ya chini ya bahati mbaya, pambano liandikwe halina mshindi. Hakuna taji linalogombewa hapo, na mtoto aliyeumia bila kosa asirudi nyumbani Likoni na rekodi ya kushindwa. Mashindano rasmi ya shirikisho ni jambo jingine. Huko unafuata kanuni za shirikisho na huongezi kitu.

Kulipwa raundi nne na sita: hapa dari ni dakika tano kwa kanuni, nawe huwezi kuishusha kwa sababu unataka. Lakini mkutano wa kanuni ni wako kuuitisha. Kubalianeni mbele ya msimamizi wa kamisheni kwamba refa atamrudisha bondia mara anapoonekana yuko tayari, atamuuliza kila dakika inapopita, na mtunza saa atatangaza kwa sauti dakika iliyobaki. Ukimya wa dakika tano katikati ya ukumbi wenye joto ndio unaozaa chupa za maji kurushwa.

Raundi nane kwenda juu, kanuni za kulipwa zilivyo. Hapo muda si tatizo, tatizo ni refa tu.

Mapambano ya wanawake hayana kanuni ya pekee ya ngumi ya chini; mstari ni uleule na muda ni uleule. Ila raundi za kulipwa za wanawake mara nyingi ni za dakika mbili, kwa hiyo rudia hesabu niliyopiga juu: raundi sita ni dakika 12 tu. Refa asidhani pia kwamba mwanamke "haumii" huko. Nimewasikia wanaosema hivyo, na ni upuuzi.

Mazoezini hakuna cha sekunde wala dakika. Ngumi ikitua chini, glavu zinavuliwa, raundi imekwisha.

Usiku wenye mchanganyiko, ridhaa kwanza na kulipwa baadaye, mtangazaji aseme kwenye kipaza sauti kanuni zinapobadilika. Sentensi mbili zinatosha: "Kuanzia pambano hili ni kulipwa, ngumi ya chini ni hadi dakika tano, hakuna hesabu ya nane." Mashabiki wa Mombasa wanazijua ndondi, wakielezwa hawafanyi fujo, wakifichwa wanafanya.

Nini kinamtokea aliyepigwa, na kona ifanye nini

Maumivu ya korodani hayafanani na ya mbavu. Yanachelewa sekunde chache, kisha yanapanda tumboni na kuleta kichefuchefu, kwa sababu korodani huanza kukua ndani ya tumbo kabla mtoto hajazaliwa na zinaposhuka hushuka na neva zake. Ndiyo maana bondia anashika tumbo, na asiyejua anadhani anaigiza. Mara nyingi yanapoa kwa dakika chache bila dawa. Akae au apige magoti, ainame mbele, avute pumzi ndefu kupitia puani. Kumrusharusha juu na chini kama wafanyavyo wengine hakuna maana. Kona zibaki nje ya kamba hadi refa aite. Kocha anayeruka ndani kwa hasira anaweza kumharibia kijana wake pambano alilokuwa analishinda.

Kinga ikaguliwe chumbani na refa, si kocha peke yake. Kinga kubwa ya kulipwa hufunika nyonga na tumbo la chini na kupunguza sana pigo. Kikombe kidogo cha ridhaa kikilegea huzunguka, na ukingo wake mgumu unaumiza kuliko ngumi yenyewe.

Baada ya pambano, awe ameshinda au ameshindwa, daktari amwone tena. Maumivu yasiyopungua ndani ya saa moja, uvimbe, damu kwenye mkojo, au korodani moja iliyopanda juu kuliko kawaida: hospitali usiku huohuo, isingoje asubuhi. Korodani inaweza kujisokota au kupasuka, na iliyojisokota huokolewa vizuri zaidi ikifanyiwa upasuaji ndani ya saa sita. Kutoka Tononoka hadi Hospitali ya Rufaa ya Pwani si mbali, usiku barabara zikiwa tupu. Kocha aandike kwenye daftari lake saa ngumi ilipoingia na raundi gani, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza daktari atakalouliza, na bondia mwenyewe hatakumbuka.